Kwa Kadiri ya Ufahamu wa Muuzaji

Wamarekani hawanunui mbuzi kwenye gunia.
Wamelipa mawakili watatu walifungue,
wamhesabu mbuzi meno, wamuulize jina la mama yake.
Ndiyo maana leo Jumanne, mvua ya theluji ikiparuza madirisha ya Keighley,
nimeitwa ghorofani, chumba cha biskuti.

Miaka kumi na mmoja kwa Ackroyd,
sijawahi kukalishwa mbele ya biskuti.

Bi. Sugden, wakili wa kampuni, ananisogezea kurasa.
Dhamana ya kumi na nne, kifungu cha tatu:
muuzaji anathibitisha kwamba kila ubunifu
ulibuniwa na mwajiriwa, ndani ya ajira yake,
kwamba hakuna mwingine, popote alipo, mwenye haki wala dai,
na kwamba haya yote ni kweli
kwa kadiri ya ufahamu wa muuzaji.
"Ni utaratibu tu," anasema. "Nipe tarehe ya kile kilango."

Kilango.
Kitu kidogo kuliko punje ya kunde,
ulimi wa silikoni unaofunguka mtoto akivuta pumzi,
ukafunga kabla hajajua ameishusha.
Njiti wa wiki ishirini na sita wanalala nacho
katika hospitali nisizozijua.
Mengine yote ya Ackroyd utayapata kwa jirani.
Kinachonunuliwa ni kilango. Majengo ni gunia.

Nataja tarehe.
Kalamu inasimama.
"Novemba? Mkataba wako ni wa Aprili."
Ndiyo. Novemba nilikuwa wa wakala wa usafi.
Mkataba ule ulitaja ndoo, dawa ya choo,
glavu jozi mbili kwa wiki.
Haukutaja mawazo. Nani angemdhania mfagiaji kuwa nayo?

Nilikuwa napangusa chini ya mashine iliyokoroma vibaya,
nikajua inakoromea wapi.
Niliwahi kufundisha fizikia Pangani, kidato cha tatu,
na fizikia haikuulizwa viza uwanjani.
Nikachora usiku, nyuma ya karatasi ya chipsi, siki ikinuka bado,
nikaiacha mezani kwa mzee Harold na maneno matatu:
jaribu hivi, tafadhali.

Alijaribu. Akaniajiri. Akasahau,
au akakumbuka kama watu wanavyokumbuka deni:
kwa kutolitazama.

Yupo hapa, kando ya dirisha, na miaka yake sabini na minne,
anaikamua kofia kana kwamba ina maji.
Ufahamu wako una kadiri gani, mzee?
Unaishia Aprili?
Au unashuka ngazi hadi sakafuni, hadi kwenye ndoo?

"Nilijua," anasema. "Siku zote. Ni cha Mwatime."

Bi. Sugden anainuka, anafunga mlango.

Kumbe hati ilikuwa tayari mkobani, ukurasa mmoja:
mimi, Mwatime Kibwana, nahamisha haki zote,
za jana na za kesho, duniani kote,
kwa malipo ya paundi moja.
Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.
Hawakusema ikiwa daftari ni la mwenzio
mali huenda wapi.

Naikata ile paundi kwa wino. Juu yake naandika tarakimu.
Sitaitaja hapa; nayo ina kifungu chake cha siri.
Kisha nataka aya moja kwenye barua ya ufichuzi:
jina langu, Novemba, karatasi ya chipsi.
"Ya chipsi pia?" anauliza Bi. Sugden.
Ya chipsi pia.

Mzee Harold anaisoma tarakimu, masikio yanamwiva.
Anasema sawa. Anasema tena, sawa,
kisha anapekua mfuko wa koti, anaweka sarafu mezani.
"Hii ni ya ile Novemba."

Naigeuza. Ni ya plastiki,
ya kufungulia toroli la supamaketi.
Naitia mfukoni.
Nachukua na biskuti.